Ini jipya mwilini: mwongozo kamili wa kulilinda lisikataliwe

Mdogo wangu alipofikisha mwezi wa tano na ini lake jipya alikuwa anakula vizuri, kanenepa, macho meupe kabisa, anapanda ngazi bila kupumzika, na wiki hiyo hiyo majibu ya damu yakaja ALT (kimeng'enya kinachovuja kwenye damu ini likiumia) 212 wakati wiki tatu nyuma ilikuwa 31. Hana homa, hana maumivu, mkojo wa kawaida. Mwili wake ulikuwa umeshaanza kulikataa ini na yeye yuko sebuleni anacheka na watoto.

Hilo ndo jambo ninalotaka ulishike kabla hujasoma hatua yoyote hapa chini. Ini likikataliwa mwanzoni huwa kimya. Ukisubiri mpaka mgonjwa aseme naumwa, umechelewa. Kinachokuambia ukweli ni saa ya ukutani na karatasi ya maabara, basi.

Mimi ni dada yake, na kipande alichowekewa kilitoka kwangu, kwa hiyo haya mambo nimeyaishi pande zote mbili. Sio daktari. Dozi anapanga daktari wako, mimi nakuonyesha njia jinsi ilivyo, na kwa nini kila kitu wanachokuambia wanakuambia.

Hatua ya 1: Elewa kwanza mwili unakataa vipi

Seli zako zote zina alama juu yake, kama sare, na askari wa mwili wako (hasa wale wanaoitwa seli T) wanaijua sare ya nyumbani. Ini la mtu mwingine, hata la ndugu wa tumbo moja, lina sare tofauti kidogo. Askari akiiona anapitia mambo matatu: anaitambua, anathibitishiwa na seli nyingine kwamba kweli huyu mgeni, alafu anapokea amri ya kuzaliana awe maelfu. Wakishakuwa maelfu wanaingia kwenye ini na kushambulia mirija midogo ya nyongo na kuta za mishipa ya damu.

Dawa zinakata mnyororo huo sehemu tofauti. Takrolimusi na saiklosporini zinazima amri ndani ya askari asitoe ile kemikali ya kuita wenzake. Mikofenoleti inamzuia asizaliane. Predinisoloni inatuliza kila kitu kwa ujumla. Na kuna sindano inaitwa basiliksimabu, hospitali nyingi wanaitoa siku ya upasuaji na kurudia siku ya 4, inaziba mlango ambao kemikali ya kuitana inapitia. Ndo maana mgonjwa anapewa dawa mbili au tatu kwa pamoja: kila moja kidogo kidogo, badala ya moja kwa wingi imuue figo. Kwa hiyo ukiona vidonge vingi usianze kuamua mwenyewe kipi kina umuhimu na kipi hakina.

Ini lina upole wake lakini, na hapa ndo utafiti unapendeza. Mwaka 1969 Roy Calne wa Cambridge na wenzake waliandika kwamba nguruwe waliopandikizwa ini la nguruwe mwingine wengi walilipokea bila dawa, wakati figo au ngozi zilikataliwa. Mpaka leo ini halihitaji ule ulinganisho mkali wa tishu kama figo, kinachoangaliwa sana ni kundi la damu na ukubwa wa kipande. Lakini upole huo usikudanganye, binadamu sio nguruwe, na bila dawa watu wengi sana ini lao litakataliwa.

Tulikotoka pia ni vizuri kujua, maana kuna ndugu watakaokuambia hizi dawa ni biashara ya wazungu. Thomas Starzl alijaribu kupandikiza ini la binadamu mara ya kwanza Denver, Marekani, tarehe 1 Machi 1963, mtoto wa miaka 3, akafia mezani kwa kutokwa damu. Mwaka 1967 ndo akapata mgonjwa wa kwanza kuishi zaidi ya mwaka. Miaka yote ya sabini upasuaji walishaujua lakini wagonjwa wengi hawakumaliza mwaka mmoja, kwa sababu dawa za wakati ule hazikutosha. Kilichobadilisha ni udongo. Saiklosporini ilitoka kwa kuvu aliyepatikana kwenye udongo wa Norway, Uswisi wakagundua miaka ya 1970 kwamba inatuliza kinga, Marekani wakaipitisha 1983. Takrolimusi ilitoka kwa bakteria wa udongo wa mlima Tsukuba, Japani, 1984, ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa ini Pittsburgh 1989 na kupitishwa 1994. Leo kwenye vituo vizuri karibu watu 9 kati ya 10 wanavuka mwaka wa kwanza. Tofauti kubwa imeletwa na vidonge.

Hatua ya 2: Mambo ya kumaliza kabla ya kusafiri

Tanzania figo zinapandikizwa, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, ila kwa ini wengi wetu tunaenda India, na kule ini hutoka kwa ndugu aliye hai. Sheria yao ya viungo ya 1994, iliyorekebishwa 2011, ni kali: undugu lazima uthibitishwe kwa nyaraka, ubalozi unahusika, na kuna kamati inayowahoji. Beba vyeti vya kuzaliwa, picha za zamani za familia, kila kitu. Sisi picha ya kipaimara ndo ilitusaidia.

Lakini watu wanahangaika na viza na hela mpaka wanasahau afya yenyewe. Kabla kinga haijashushwa, fanya haya:

Chanjo. Zile za virusi hai (homa ya manjano, surua, tetekuwanga) mtu akishaanza dawa za kushusha kinga kwa kawaida hapewi tena. Na India wanadai kadi ya homa ya manjano kwa wasafiri wa nchi zenye ugonjwa huo, Kenya na Uganda zimo. Kwa hiyo ongea na daktari mapema, wiki kadhaa kabla, kama hali ya mgonjwa inaruhusu. Kama hairuhusu wanaandika barua rasmi ya msamaha, na hiyo barua ataihitaji miaka yote mipakani. Homa ya ini B, nimonia na mafua ya sindano sio virusi hai, hizo anaweza kupata na baadaye.

TB iliyolala. Huku kwetu watu wengi wamewahi kuvuta vimelea vya TB na vimelala tu kifuani. Kinga ikishuka vinaamka. Apimwe, na daktari aamue lini apewe isoniazidi, dawa ya kuzuia TB isiamke. Hili nitalirudia kwenye hatua ya 5 maana linagusa dawa za ini moja kwa moja.

Minyoo ya strongiloidi, ile inayoingia kwa ngozi ukitembea peku. Mtu mwenye kinga nzuri anakaa nayo miaka bila kujua, lakini akipewa steroidi (jamii ya predinisoloni) inazaliana na kusambaa mwilini mpaka kuua. Dawa yake ni ivermektini, rahisi kabisa, sema tu daktari wa nje anaweza asiikumbuke kama hujamwambia umekulia wapi. Taja na kichocho pia kama umekulia kanda ya ziwa au umeoga sana mabwawani.

Meno. Jino bovu ni shimo la bakteria. Ng'oa au ziba kabla.

Na kama ini la kwanza liliharibiwa na homa ya ini B, uliza mpango wa kuzuia virusi visirudi kwenye ini jipya. Kuna vidonge (entekaviri au tenofoviri) na wengine wanaongezewa sindano ya kingamwili. Vidonge hivyo navyo haviachwi.

Hatua ya 3: Weka saa

Takrolimusi ya kawaida inamezwa mara mbili kwa siku, masaa 12 kati yake. Sisi tulichagua saa tatu asubuhi na saa tatu usiku, kwa sababu saa moja asubuhi mtu yuko njiani na saa moja usiku yuko kwenye foleni Mbagala. Chagua saa ambayo hata siku mbaya zaidi ya maisha yako utakuwa na maji na dakika mbili. Alamu mbili, simu mbili. Kaya yetu nzima inajua ule mlio, mpaka mtoto wa miaka minne akiusikia anasema mama mdogo dawa.

Chakula chenye mafuta mengi kinapunguza dawa inayoingia kwenye damu, kwa hiyo wengi wanaambiwa wameze saa moja kabla ya kula au masaa mawili mpaka matatu baada. Muhimu kuliko vyote ni kufanya vilevile kila siku. Leo na chapati ya mafuta, kesho tumbo tupu, keshokutwa na chai, hapo namba zitacheza na hakuna atakayejua kwa nini.

Kidonge cha mara mbili na kile cha kuachia taratibu cha mara moja kwa siku sio kitu kimoja, hata kama milligramu ni zilezile. Na hata kati ya kampuni na kampuni, ukibadilishiwa boksi duka la dawa (ulizoea takrolimusi ya jina la Prograf wanakupa nyingine ya bei nafuu) usikatae lazima, dawa nafuu zinafanya kazi, lakini mwambie daktari na pima kiwango cha damu ndani ya wiki moja hivi. Kosa ni kubadilisha kimyakimya.

Ukirudi kutoka India kumbuka saa zao ziko mbele yetu kwa masaa mawili na nusu. Saa tatu ya Delhi ni saa kumi na mbili na nusu ya Dar. Muulize mratibu wa upandikizaji (mtu wa hospitali anayewafuatilia wagonjwa) akupangie jinsi ya kusogeza, usiruke dozi ukiwa kwenye ndege, na dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Begi la chini likipotelea Addis au Dubai ndo utajua.

Ukisahau dozi na umekumbuka baada ya muda mfupi, meza. Kama dozi inayofuata imekaribia, usimeze mbili kwa pamoja, piga simu uulize. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, piga simu pia. Ile namba ya mratibu usione aibu kuitumia.

Ramadhani nayo inaulizwa sana. Kwetu kutoka daku mpaka futari ni zaidi ya masaa 13, haiendani vizuri na dawa ya kila masaa 12, na juu yake figo zinakosa maji. Mwaka wa kwanza madaktari wengi hawaruhusu kabisa. Baadaye kuna wanaohamishiwa kidonge cha mara moja na kufuatiliwa, lakini huo ni uamuzi wa daktari wako pamoja na shekhe wako. Usijipangie mwenyewe usiku wa kuamkia mwezi mosi.

Hatua ya 4: Kupima damu, na hapa usiteleze

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo tulipoumia.

Kiwango cha takrolimusi kinapimwa pale dawa iko chini kabisa mwilini, yaani asubuhi masaa 12 baada ya dozi ya jana usiku na KABLA ya kumeza ya leo. Siku ya kupima unaenda maabara na kidonge mfukoni, unatolewa damu, ndo unameza. Sisi mwezi wa nne tulikwenda maabara fulani, foleni ndefu, saa tatu ikapiga, mdogo wangu mtiifu akameza, saa nne kasoro akatolewa damu. Hakuna aliyemuuliza umemeza saa ngapi na sisi hatukusema. Namba ikarudi 18. Daktari akaona dawa imezidi, akapunguza dozi, ambavyo ndivyo angefanya daktari yeyote mbele ya ile namba. Wiki tatu baadaye ndo ile ALT 212 niliyoanza nayo. Dawa haikuwa imezidi, damu ndo ilitolewa wakati mbaya.

Kwa hiyo kila mara andika kwenye fomu: dozi ya mwisho imemezwa saa ngapi, damu imetolewa saa ngapi. Hata kama fomu haina nafasi, andika pembeni. Damu iwe ile isiyochujwa, chupa ya mfuniko wa zambarau, na jaribu kutumia maabara ileile kila mara kwa sababu mashine tofauti zinatoa namba tofauti kidogo.

Namba gani ni nzuri? Uchambuzi wa 2012 uliokusanya tafiti nyingi ulionyesha kwamba mwezi wa kwanza kiwango cha kati ya 6 na 10 (nanogramu kwa mililita) kinalinda ini sawa na kiwango cha juu zaidi ya hapo, huku madhara kwa figo yakiwa machache. Baadaye wengi wanashushwa taratibu, 5 mpaka 8, na baada ya mwaka hata chini ya hapo kama ini limetulia. Lengo lako wewe linategemea dawa nyingine unazotumia, hali ya figo na kama umewahi kukataliwa, kwa hiyo muulize daktari namba yako na uiandike kwenye friji.

Alafu kuna kitu watu weusi tunatakiwa kukijua. Takrolimusi inavunjwa na kimeng'enya kinaitwa CYP3A5, kilichopo kwenye utumbo na kwenye ini. Watu wengi wa asili ya Afrika kwao kinafanya kazi, Wazungu wengi kwao hakifanyi. Mwenye nacho anaivunja dawa haraka na mara nyingi anahitaji dozi ya mara moja na nusu mpaka mara mbili kufikia kiwango kilekile. Na kwenye ini kuna utata wa ziada, kwa sababu utumbo ni wako ila ini ni la mchangiaji, jeni mbili tofauti ndani ya mtu mmoja. Kwa hiyo ukiona jirani wa wodini anameza miligramu 4 na wewe 9 usishtuke wala usipunguze, kiwango cha damu ndo kinachosema, wingi wa vidonge hausemi kitu.

Na usiangalie namba moja tu, angalia mwendo. Watafiti wamekuwa wakifuatilia jinsi kiwango kinavyopanda na kushuka kwa mtu huyohuyo, na wale ambao namba zao zinaruka ruka (4, 11, 5, 13) wanakuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya ini kukataliwa kuliko wa 6, 7, 6, 7, hata kama wastani unafanana. Sisi tuna daftari la mistari, safu sita: tarehe, dozi, kiwango, ALT, bilirubini (ile rangi ya njano ya nyongo kwenye damu), kreatinini ya figo. Daktari akilifungua anaona hadithi yote kwa dakika moja, na akiwa mgeni ndo kabisa anashukuru.

Mara ngapi kupima? Wiki za mwanzo mara mbili au zaidi kwa wiki, kisha kila wiki, kila wiki mbili, kila mwezi, na mtu aliyetulia miaka anaweza kufika kila miezi mitatu. Dozi ikibadilishwa au dawa mpya ikiongezwa, unarudi kupima mapema.

Hatua ya 5: Vitu vinavyovuruga kiwango bila wewe kujua

Chukulia takrolimusi ina mlango mmoja wa kutokea mwilini. Kuna vitu vinaufunga huo mlango, dawa inajaa inakuwa sumu. Kuna vitu vinaufungua wazi, dawa inaisha na ini linabaki bila ulinzi.

Vinavyofunga: dawa za fangasi kama flukonazoli na ketokonazoli, antibayotiki za erithromaisini na klarithromaisini, dawa ya presha ya diltiazemu, na ritonaviri iliyomo kwenye baadhi ya dawa za VVU, hiyo inapandisha vibaya mno. Balungi pia, tunda au juisi, na danzi nalo liache. Chungwa la kawaida, embe, papai, kula. Na kuna hili linashangaza wengi, kuharisha kunapandisha kiwango, ungetegemea dawa itoke lakini utumbo ulioumia unashindwa kuivunja na inaingia nyingi zaidi. Ukiharisha siku mbili, pima.

Vinavyofungua: rifampisini, na hii kwetu ndo hatari namba moja. Mtu akigundulika TB akaanzishiwa dawa za kawaida kliniki bila wale wa kliniki kujua habari ya ini, kiwango kinaweza kuporomoka ndani ya siku chache. TB lazima itibiwe, ila madaktari wawili wakae meza moja: wanaweza kutumia rifabutini, au kupandisha dozi huku wanapima mara kwa mara. Nyingine ni dawa za kifafa za kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, na efavirenzi ya VVU. Dolutegraviri haina ugomvi huo.

Kuna ambazo hazigusi kiwango lakini zinaua figo zikikutana na takrolimusi: diklofenaki, Brufen, na jamii yake yote. Zile sindano za diklo za mgongo uliokaza, hapana. Panadol ndani ya kipimo alichosema daktari ndo ya maumivu na homa.

Malaria: homa ya kwanza, pima, usibuni. Dawa mseto ina lumefantrini ambayo inaweza kugusa mapigo ya moyo, na takrolimusi nayo hivyohivyo, kwa hiyo anayeandika dawa ajue. Chandarua kila usiku, hilo halina mjadala.

Mitishamba. Najua inauma kumkatalia shangazi aliyesafiri na chupa toka Handeni kwa upendo. Lakini dawa ya chupa isiyo na maandishi huwezi kujua imewekwa nini, na dawa yoyote inayosifiwa kuongeza kinga inafanya kinyume cha kile unacholipia. Manjano ya kwenye mchuzi ni chakula, ila vidonge vya manjano vyenye nguvu vimeshaumiza maini ya watu wazima wenye afya, achana navyo. Mpokee shangazi, mshukuru, weka chupa kabatini, usinywe.

Hatua ya 6: Namba zikipanda

Vipimo vya ini kwenye damu, yaani ALT, AST, ALP, GGT au bilirubini, vikipanda kuliko kawaida ya mgonjwa wako, hata kama bado vinaonekana vidogo, piga simu siku hiyohiyo. Usiongeze dozi mwenyewe. Namba kupanda sio lazima ini liwe limekataliwa, inaweza kuwa mrija wa nyongo umebana, mshipa wa damu umeziba, homa ya ini B imerudi, au kirusi cha CMV. Ndo maana wanaanza na ultrasaundi ya mishipa na mirija, na mara nyingi wanamaliza na kuchukua kipande kidogo cha ini kwa sindano. Mtaalamu anakitazama kwa darubini na kutoa alama kwa mfumo wa Banff, vitu vitatu kila kimoja 0 mpaka 3, jumla 9. Tuliogopa ile sindano kuliko upasuaji wenyewe, ila ilichukua dakika chache na alilala kitandani masaa kadhaa tu ya kuangaliwa.

Kama kweli limekataliwa, dawa ya kwanza mara nyingi ni steroidi ya mishipani, methilpredinisoloni, miligramu 500 mpaka 1000 kwa siku kwa siku tatu, alafu dozi ya takrolimusi inapandishwa au mikofenoleti inaongezwa. Wengi wanapona hapo. Wasiopona wanapewa dawa kali zaidi ya kuwaondoa wale askari. Mdogo wangu siku ya tatu ALT ilikuwa imeshaanza kushuka na wiki ya pili ilikuwa 60.

Mara nyingi hii inatokea wiki sita za mwanzo na inatibika vizuri. Inayotisha ni ya baadaye, baada ya miezi au miaka, kwa sababu mara nyingi chanzo ni dozi zilizorukwa, na ikijirudia mirija midogo ya nyongo inapotea moja baada ya nyingine na haioti tena. Vijana ndo wanaangukia hapo sana, hasa wakianza kujisimamia bwenini. Kama una mtoto aliyepandikizwa, umri wa miaka 14 mpaka 20 usiondoe jicho.

Dalili zikija ni hizi: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai, choo cheupe, kuwashwa, homa, uchovu usioeleweka, maumivu chini ya mbavu kulia. Ukiziona ni hospitali.

Hatua ya 7: Upande wa pili, kinga ikishuka

Homa ya 38 na kuendelea ni dharura, sio ya kulala na Panadol mpaka asubuhi. Miezi ya mwanzo anakunywa Septrin kumkinga na nimonia ya kuvu, na wengine dawa ya CMV, maliza muda wote uliopangwa. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, nyama iive, kachumbari ya mtaani isubiri. Kama nyumbani kuna mtu anakohoa wiki mbili, apelekwe kupimwa TB yeye kwanza.

Hatua ya 8: Miaka inayofuata

Takrolimusi inalinda ini na inakula figo polepole. Utafiti mkubwa wa Marekani wa 2003, wapokeaji zaidi ya 69,000 wa viungo visivyo figo, ulikuta kwa wa ini karibu 18 kati ya 100 walikuwa na figo zilizochoka sana baada ya miaka mitano. Kwa hiyo kreatinini isisahaulike, presha ipimwe, sukari ipimwe, maji anywe. Figo zikianza kulalamika muulize daktari kuhusu kupunguza takrolimusi kwa kuongeza mikofenoleti au everolimusi, dawa nyingine ya kushusha kinga. Mikono kutetemeka na kuumwa kichwa mara nyingi ni dalili kiwango kiko juu.

Mwanamke anayetaka mtoto anaweza kupata, ila asubiri angalau mwaka mmoja na ini liwe limetulia, na mikofenoleti iachwe wiki sita au zaidi KABLA ya kushika mimba kwa sababu inaharibu mtoto tumboni. Inabadilishwa na azathioprini. Mpaka hapo mpango wa uzazi ni wa lazima. Ngozi ikingwe na jua, hatari ya kansa ya ngozi inaongezeka, na kwa mwenye ualbino zaidi.

Hatua ya 9: Habari ya kuacha dawa kabisa

Utasikia kuna watu wameacha na wanaishi. Ni kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Ulaya walichapisha majaribio ya wagonjwa 98 waliochaguliwa kwa makini, wote wamekaa miaka na ini tulivu, dawa zikapunguzwa kidogo kidogo huku wanapimwa mfululizo. 41 walifanikiwa kuacha, 57 ini likaanza kukataliwa na wakarudishwa kwenye dawa. Waliokuwa na miaka mingi zaidi tangu kupandikizwa ndo walifanikiwa zaidi. Na Hokkaido, Japani, 2016 walichukua askari wapole wa mgonjwa (seli T zinazowatuliza wenzake), wakawafundisha maabara kulitambua ini la mchangiaji, wakawarudisha mwilini: kati ya wagonjwa 10, saba waliacha dawa zote. Wale watatu walioshindwa ugonjwa wao wa mwanzo ulikuwa wa kinga kushambulia ini.

Nalisoma hilo na machozi yananilenga, kwa sababu naona mdogo wangu siku moja bila alamu. Lakini angalia vizuri, hao wote walikuwa ndani ya majaribio, wanapimwa damu kila wakati, sindano ya ini iko tayari, na bado zaidi ya nusu Ulaya walishindwa. Mtu anayeacha mwenyewe Tandika kwa sababu anajisikia vizuri hana hata kimoja cha hivyo. Unachoweza kufanya ni kumuuliza daktari kila mwaka: je, dozi yangu inaweza kushuka? Mara nyingi jibu ni ndiyo, kidogo.

Mambo madogo ya kumalizia

Weka akiba ya dawa ya mwezi mmoja ambayo huigusi, ukianza kuila agiza nyingine siku hiyohiyo. Kabla hujahamia mkoa mwingine, piga simu maduka ya dawa ya huko uulize kama wanayo. Tembea na kadi kwenye pochi: nimepandikizwa ini, tarehe, kundi la damu, dawa na dozi, namba ya daktari, na mstari mmoja kwa herufi kubwa: USINIPE DAWA MPYA KABLA YA KUPIGA SIMU. Ya mdogo wangu tumeilaminisha, na nyingine iko kwangu, maana nikiugua mimi kuna mtu lazima ajue saa tatu usiku ampigie nani.